Kipimagesi cha Mkononi: Kuipima Hewa ya Shimo Kabla ya Kuingia

Kwa muda mrefu mafundi wa visima wa nchi nyingi, wa kwetu wakiwamo, wamekuwa na desturi ya kushusha taa au mshumaa unaowaka ndani ya kisima kabla ya mtu kuingia. Taa ikizimika, kazi huahirishwa. Ikiendelea kuwaka, mtu hufungwa kamba akateremshwa. Desturi hiyo ina msingi wa kisayansi, kwa kuwa moto na mwili wa binadamu vyote viwili huhitaji oksijeni. Ila taa hujibu swali moja tu, tena huchelewa kulijibu. Mshumaa huzimika oksijeni inaposhuka hadi takriban asilimia 16, na katika kiwango hicho fikra za mtu zimekwisha kuanza kuvurugika pasipo mwenyewe kujitambua. Kama kisimani mna kaboni monoksidi iliyotoka katika pampu ya petroli, mshumaa utawaka kwa utulivu mahali ambapo mtu atakufa. Na kama shimo lenyewe ni karo la maji machafu lenye methani, taa hiyo hiyo yaweza kuwa ndiyo kiberiti cha kulilipua.

Katika migodi ya makaa ya mawe ya Ulaya tatizo hili lilijulikana mapema. Mwaka 1815 Humphry Davy, mkemia wa Uingereza, alibuni taa iliyozungushiwa wavu mwembamba wa chuma, ambayo mwali wake ulibadilika umbo palipokuwa na methani pasipo kuuwasha mgodi. Baadaye wachimbaji walianza kushuka na ndege wadogo waitwao kanari, ambao huzidiwa na kaboni monoksidi kabla ya binadamu. Uingereza ilitangaza kuwaondoa ndege hao migodini mwaka 1986 tu. Kati ya mwaka 1926 na 1927 Oliver Johnson, aliyefanya kazi katika kampuni ya mafuta huko California, alitengeneza chombo cha umeme cha kutambua mvuke uwezao kuwaka. Kutoka hapo ndipo kilipozaliwa kipimagesi cha mkononi cha leo: kifaa chenye ukubwa wa kiganja, kinachoning'inizwa kifuani, ambacho kwa kawaida hupima vitu vinne kwa wakati mmoja, yaani oksijeni, gesi ziwezazo kuwaka, kaboni monoksidi na hidrojeni sulfidi.

Kifaa hicho si ghali kama zamani, na hutumiwa katika bandari, viwanda, migodi na mamlaka za maji. Hata hivyo kukiwasha ni jambo moja, na kuielewa tarakimu inayoonekana katika kioo chake ni jambo jingine. Makala haya yanahusu zaidi hilo la pili.

Mahali pafinyu

Wataalamu wa usalama kazini huita mahali pafinyu nafasi yoyote ambayo mtu aweza kuingia na kufanya kazi, lakini haikujengwa ili ikaliwe na watu, na njia zake za kuingilia na kutokea ni chache au za taabu. Karo la choo, chemba ya maji machafu, kisima, tangi la molasi katika kiwanda cha sukari, pipa kubwa la kuchachushia pombe, ghala la nafaka lenye umbo la mnara, na tumbo la meli ni mifano ya kawaida. Mahali hapo si lazima pawe na uchafu wala harufu. Tangi tupu la chuma lililofungwa kwa miezi kadhaa laweza kumwua mtu, kwa sababu kutu ni muungano wa chuma na oksijeni, na oksijeni hiyo imetoka katika hewa iliyofungiwa humo ndani. Wala si lazima pawe na paa. Wakazi wa Goma, mashariki ya Kongo, huita mazuku yale mabonde madogo ambamo kaboni dioksidi itokayo ardhini, karibu na volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, hutuama kama maji yasiyoonekana. Mnyama anayeshuka humo kutafuta malisho huanguka, ilhali mtu aliyesimama hatua chache juu yake haoni badiliko lolote.

Hewa safi ina takriban asilimia 78 ya naitrojeni, asilimia 20.9 ya oksijeni, karibu asilimia 1 ya argoni, na kaboni dioksidi takriban asilimia 0.04. Tarakimu ya 20.9 yafaa ikumbukwe, maana hesabu zote zinazofuata huanzia hapo. Vipimagesi vingi hupiga kengele oksijeni inaposhuka chini ya asilimia 19.5. Hupiga pia inapozidi 23.5, kwa sababu nguo, nywele na grisi huwaka kwa ukali mno katika hewa yenye oksijeni ya ziada, kama ile iliyovuja katika mtungi wa mafundi wa kuchomelea. Oksijeni ikipungua chini ya asilimia 10 mtu huzimia. Ikiwa chini ya 6, pumzi chache tu zatosha kumwangusha, na hapati nafasi hata ya kupiga kelele.

Gesi zenye sumu hupimwa kwa sehemu kwa milioni. Asilimia moja ni sehemu 10,000 kwa milioni. Mwanafunzi asiyeizoea hesabu hii ataipotea maana ya kifaa chote. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo kengele yake ya kwanza huwekwa kwenye sehemu 35 tu kwa milioni. Hidrojeni sulfidi hutokea pale bakteria wanapovunja takataka zenye salfa pasipo oksijeni, na ndiyo yenye harufu ya yai viza. Kengele yake huwekwa kwenye sehemu 10 kwa milioni.

Hapa pana jambo linalowadanganya watu wengi. Pua ya binadamu hunusa hidrojeni sulfidi hata ikiwa chini ya sehemu 1 kwa milioni, na kwa hiyo wazibuaji wa vyoo husema kwamba pua yao ndiyo kipimo chao. Lakini gesi inapofika karibu na sehemu 100 kwa milioni, mishipa ya kunusa hulemaa katika muda wa dakika chache, na harufu hutoweka. Mtu hudhani kwamba hewa imesafika, kumbe imezidi kuchafuka. Ikifika kati ya sehemu 700 na 1,000 kwa milioni, mtu huanguka baada ya pumzi moja au mbili.

Ndani ya kifaa

Kihisio cha oksijeni cha aina iliyoenea ni betri ndogo. Ndani yake mna elektrodi ya risasi na elektroliti, na oksijeni huingia kupitia tundu jembamba sana. Oksijeni inapoungana na risasi kupata oksidi ya risasi, mkondo mdogo wa umeme hupita, na ukubwa wa mkondo huo hulingana na kiasi cha oksijeni kilichoingia. Risasi hiyo huliwa kidogo kidogo, mchana na usiku, hata kama kifaa kimezimwa na kufungiwa kabatini, na ndiyo sababu kihisio cha namna hiyo huishi takriban miaka miwili tu. Siku hizi vipo pia vihisio visivyo na risasi, ambavyo hudumu zaidi.

Vihisio vya kaboni monoksidi na hidrojeni sulfidi navyo ni vya kielektrokemia. Kaboni monoksidi huungana na maji juu ya elektrodi ikawa kaboni dioksidi, ikiacha ioni za hidrojeni na elektroni. Elektroni hizo ndizo zinazohesabiwa. Kihisio hicho hakina macho ya kuitambua kaboni monoksidi peke yake. Hidrojeni nayo humwaga elektroni juu ya elektrodi hiyo hiyo, na kwa hiyo katika chumba cha kuchajia betri za magari kifaa chaweza kuonyesha kaboni monoksidi ambayo haipo.

Kihisio cha gesi ziwezazo kuwaka ndicho chenye mafunzo mengi kwa darasa la fizikia. Kina shanga mbili ndogo, kila moja ikiwa imezunguka koili ya platini, nazo hupashwa moto kwa umeme hadi karibu nyuzi 500 za Selsiasi. Shanga moja imepakwa kichocheo, ya pili haikupakwa. Gesi ikifika, huungua juu ya shanga yenye kichocheo, joto la shanga hiyo hupanda, na ukinzani wa platini yake huongezeka. Shanga zote mbili zimefungwa katika daraja la Wheatstone, lile lile ambalo wanafunzi hulichora ubaoni. Badiliko la unyevu au la joto la hewa huzigusa zote mbili sawasawa na daraja hubaki limelingana, bali mwako huigusa moja tu.

Jibu la daraja hilo huandikwa kwa namna ambayo imewapotosha hata mafundi wazoefu. Methani haiwezi kuwaka hewani ikiwa chini ya asilimia 5, kwa kuwa ni haba mno. Wala ikiwa zaidi ya asilimia 15, kwa kuwa oksijeni haitoshi. Hiyo asilimia 5 huitwa kiwango cha chini cha mlipuko. Kifaa hakionyeshi asilimia ya methani katika hewa, bali huonyesha asilimia ya kiwango hicho. Kioo kikisoma 10, maana yake ni sehemu ya kumi ya ile 5, yaani asilimia 0.5 ya hewa, au sehemu 5,000 kwa milioni. Kikisoma 100, hewa yote ya shimo ni baruti.

Shanga hizi zina udhaifu wake. Kwanza, mwako wahitaji oksijeni. Katika karo lenye methani nyingi sana, gesi husukuma hewa nje, shanga hukosa oksijeni ya kuunguzia, na tarakimu iliyokuwa ikipanda yaweza kugeuka ikashuka tena kuelekea sifuri. Vifaa vipya huikamata hali hiyo na kuandika kwamba kipimo kimepitwa; vya zamani havikufanya hivyo. Hii ndiyo sababu ya ule utaratibu usemao kwamba oksijeni isomwe kwanza, gesi ziwezazo kuwaka zifuate, kisha zenye sumu: kama oksijeni si ya kutosha, tarakimu ya pili haina maana. Pili, mvuke wa silikoni, uliomo katika vilainishi na ving'arisho vingi vya kawaida, hufunika kichocheo na kukiua, na shanga iliyokufa husoma sifuri kwa unyofu kabisa. Tatu, kifaa kilichosawazishwa kwa methani hakisomi mvuke wa petroli kwa usahihi. Mvuke huo ni wa molekuli nzito, hupenya polepole, na kioo kikisoma 10 hali halisi yaweza kuwa karibu maradufu.

Kabla ya kushuka

Kifaa huwashwa mahali penye hewa safi, mbali na shimo na mbali na moshi wa magari. Wakati huo ndipo mtumiaji hukiamuru kifaa kiichukue hewa hiyo kuwa ndiyo msingi: oksijeni 20.9, vingine vyote sifuri. Anayetoa amri hiyo akiwa amesimama juu ya mdomo wa karo hukifundisha kifaa kwamba hewa mbaya ndiyo hewa safi, na tangu hapo kila tarakimu ni ya uongo. Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi yenye milima. Vihisio vingine vya oksijeni hupima kanieneo ya oksijeni wala si asilimia yake. Huko Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Kihisio cha aina hiyo kilichosawazishwa Dar es Salaam kitasoma huko karibu asilimia 17 na kupiga kengele bila sababu. Hilo ni usumbufu tu. Kinyume chake ndicho cha hatari: kikisawazishwa Mbeya na kuletwa pwani bila kusawazishwa upya, kitasoma 25 mahali penye 20.9, na kitasoma 21 ndani ya shimo lenye upungufu mkubwa.

Baada ya hapo kifaa hujaribiwa kwa gesi ya mtungi mdogo ambayo kiasi chake kinajulikana. Mchanganyiko unaotumika mara nyingi una sehemu 100 kwa milioni za kaboni monoksidi, sehemu 25 za hidrojeni sulfidi, methani iliyo nusu ya kiwango cha chini cha mlipuko, na oksijeni asilimia 18. Kifaa kikipiga kengele zake zote, ni kizima. Jaribio hili huchukua chini ya dakika moja na lapasa kufanywa kila siku ya kazi, lakini ndilo linalorukwa kuliko yote, kwa kuwa kifaa kibovu na hewa safi huonekana sawa kabisa katika kioo.

Hewa ya shimo huvutwa kwa mpira mwembamba na pampu ndogo, mtu akiwa bado juu. Kwanza mdomo wa mpira huzibwa kwa kidole: pampu ikilalamika, mpira hauvuji, ikinyamaza, basi inavuta hewa ya njiani wala si ya shimoni. Kisha mpira hushushwa hatua kwa hatua, kila mita moja hivi, hadi karibu na uso wa maji au tope, bila kuyagusa. Kila hatua huhitaji subira. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 3 na urefu wa mita 10 una ujazo wa takriban sentimita za ujazo 71. Pampu inayovuta sentimita za ujazo 300 kwa dakika huhitaji sekunde 14 ili hewa ya chini ifike juu. Vihisio navyo huchukua nusu dakika au zaidi kufikia tarakimu yake ya mwisho. Anayeangalia kioo kwa sekunde tano na kusema "pako sawa" ameipima hewa iliyokuwamo mpirani tangu nyumbani.

Kwa nini pa kupimia pawe pengi? Methani ni nyepesi kuliko hewa, kaboni monoksidi inakaribiana nayo kwa uzito, hidrojeni sulfidi ni nzito kidogo, na kaboni dioksidi ni nzito mara moja na nusu. Vitabu husema kwa kifupi kwamba gesi nzito hukaa chini na nyepesi hupanda juu. Kauli hiyo ni ya kweli nusu tu. Gesi huchanganyika, upepo na joto huzikoroga, na tabaka hutegemea zaidi mahali gesi inapoingilia. Kipimo cha chini peke yake hakitoshi, wala cha juu.

Wala kipimo cha mara moja hakitoshi. Hidrojeni sulfidi huyeyuka katika maji na kunaswa ndani ya tope. Hewa iliyo juu ya tope lililotulia yaweza kusoma sifuri. Mtu akikanyaga au akikoroga kwa koleo, gesi hutoka kwa ghafla kama povu la soda iliyotikiswa. Kisima nacho huvuta na kutoa pumzi. Karibu na ikweta kanieneo ya angahewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, ikifikia kilele karibu na saa nne asubuhi na kushuka hadi karibu na saa kumi alasiri. Tofauti ni ndogo, kiasi cha milibari 3, lakini katika udongo wenye matundu mengi hiyo yaweza kutosha kuivuta hewa iliyokaa ardhini, ambayo mizizi na bakteria wameimaliza oksijeni yake, ikajaza kisima kilichokuwa salama asubuhi. Kwa hiyo kifaa hakiachwi juu baada ya kipimo cha kwanza. Huvaliwa kifuani, karibu na pua na mdomo, kikiwa kimewashwa muda wote. Si mfukoni, wala chini ya koti la mvua.

Kifaa kinaponyamaza

Sasa yafaa kulitazama jambo ambalo maelezo ya watengenezaji huligusia kwa haraka. Tuseme kioo chasoma oksijeni 20.4, na vingine vyote sifuri. Kengele haijalia. Wengi wataingia. Lakini 0.5 iliyopungua imekwenda wapi?

Kuna majibu mawili. La kwanza ni kwamba oksijeni imetumiwa: kutu, bakteria au mapafu yameila, na kwa pumzi au uozo kila sehemu ya oksijeni iliyopotea imeacha takriban sehemu moja ya kaboni dioksidi. La pili ni kwamba gesi ngeni imeingia na kuisukuma hewa yote nje. Gesi ngeni haichagui. Huiondoa naitrojeni pamoja na oksijeni kwa uwiano ule ule. Kwa kuwa oksijeni ni karibu moja ya tano ya hewa, kila sehemu moja ya oksijeni iliyopotea ni dalili ya karibu sehemu tano za gesi ngeni. Upungufu wa 0.5 katika 20.9 humaanisha gesi ngeni ya asilimia 2.4, au sehemu 24,000 kwa milioni. Gesi gani? Kifaa cha vihisio vinne hakisemi, maana hakikuulizwa.

Tuichukue kaboni dioksidi katika pipa la kuchachushia pombe. Kiwango kinachoruhusiwa katika nchi nyingi kwa kazi ya saa nane ni sehemu 5,000 kwa milioni. Kengele ya oksijeni haitalia mpaka 20.9 ishuke hadi 19.5, yaani ipungue kwa 1.4, na 1.4 ikigawanywa kwa 20.9 ni karibu asilimia 6.7. Kifaa kitaanza kupiga kelele kaboni dioksidi ikiwa imefika sehemu 67,000 kwa milioni, zaidi ya mara kumi na tatu ya kile kiwango. Katika hewa ya namna hiyo mtu huhema kwa nguvu, kichwa humgonga, akili huchanganyika, na yaweza kuwa amekwisha kushindwa kupanda ngazi. Mazuku ni vivyo hivyo. Mahali pa namna hiyo huhitaji kifaa chenye kihisio cha kaboni dioksidi, ambacho kwa kawaida hufanya kazi kwa mionzi ya infraredi. Hali kadhalika ghala la nafaka lililofukizwa kwa vidonge vya fosfidi ya alumini huwa na fosfini, nayo haisomwi na kihisio chochote kati ya vile vinne kwa namna ya kutegemewa.

Kutokana na hesabu hiyo, fundi makini hangoji kengele. Tarakimu yoyote isiyo 20.9 humfanya asimame na kuuliza sababu, apulize hewa safi shimoni kwa feni au mashine ya kupepea, kisha apime upya. Na ikiwa shimo lahitaji kukaushwa, pampu ya petroli huachwa juu, mbali na mdomo wa shimo na upande unakoelekea upepo, mpira wake tu ndio ushuke. Kushusha mashine hiyo kisimani ni kujaza kisima moshi katika muda mfupi kuliko ule wa kunywa chai.

Kengele ikilia, aliye ndani hutoka papo hapo, pasipo kumalizia kazi iliyobaki. Asipoweza kutoka, ndipo linapotokea lile ambalo magazeti huliripoti mara kwa mara: mtu mmoja ameanguka shimoni, ndugu yake akaingia kumtoa, na jirani akawafuata. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani ilieleza katika tahadhari yake ya mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa mahali pafinyu walikuwa watu walioingia kuokoa wenzao. Sababu yake ni ya kifiziolojia tu: mwokozi huingia mbio, anahema kwa nguvu, na huvuta hewa mbaya nyingi zaidi kuliko aliyeanguka kwanza. Kwa ajili hiyo anayeshuka hufungwa mkanda wa mwili mzima wenye kamba iliyopita katika roda iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu, ili avutwe na mtu ambaye hakuingia. Mlinzi huyo wa juu haruhusiwi kuondoka wala kushuka. Pasipokuwa na kipimagesi, roda na mlinzi, karo hutapishwa kwa gari la kunyonya, na hakuna mtu anayeingia.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na kipimagesi yaweza kuonyesha tofauti ya oksijeni iliyotumiwa na hewa iliyosukumwa nje kwa vyombo vya jikoni. Chukua chupa mbili za mdomo mpana. Katika ya kwanza bandika nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria, za aina inayoshika kutu, zilizooshwa kwa siki na kulowekwa. Igeuze chupa juu ya bakuli la maji na kuiacha kwa siku kadhaa. Maji yatapanda ndani ya chupa hadi karibu moja ya tano. Katika ya pili tia maji ya vuguvugu, sukari na hamira, uifunike kwa kadibodi bila kukaza, uiache kwa saa chache. Kisha ifunike ya kwanza kwa kifuniko chini ya maji, uisimamishe, na ushushe kijiti kinachowaka katika kila chupa. Kitazimika katika zote mbili. Sasa vuta hewa ya kila chupa kwa bomba la sindano na kuipitisha katika maji ya chokaa: yale ya chupa ya hamira yatageuka meupe kama maziwa, na yale ya chupa ya nyuzi za chuma yatabaki maangavu.